Pumu ya Jini wa Mnara

Waberi, Garissa

Mdogo wangu Wakesho,

Kabla sijakusalimu, nataka ujue kwamba kaka yako ni shujaa. Hofu ilipoingia pale kazini kwangu, watu wote walikimbia nikabaki peke yangu chini ya mnara wa simu, rungu mkononi, sikupepesa jicho. Waambie hivyo wazee wenzangu huko Wundanyi, hasa wale waliosema nitarudi kabla ya mwezi kuisha nikilia joto.

Wewe usiamini. Nilikimbia. Tena nilikimbia wa kwanza, na viatu vikabaki. Soja mwenzangu, Kilonzo, ana nusu ya umri wangu na alikuwa amesimama karibu na lango kuliko mimi, lakini alinikuta nimeshafika barabarani. Wazee waambie ile ya mwanzo.

Sasa salamu. Magoti yako yanasemaje na hiyo baridi? Shambani mmepanda? Nasikia mvua imewafikia. Huku mawingu huja kututazama tu yakaenda zake. Mimi mzima, kwa maana kwamba napumua na chakula kinapita. Kisichopita ni usingizi. Gari likifunga breki huko nje, najikuta nimesimama katikati ya chumba, shuka mkononi, na sijui nilisimama saa ngapi. Mwenye nyumba ameniuliza kama nina deni la mtu. Nimemwambia ni uzee.

Utajiuliza kwa nini naandika barua kama watu wa zamani na simu ninayo. Simu naiogopa, Wakesho. Karatasi ina heshima yake. Ukiandika herufi pe inabaki pe mpaka ifike. Barua hii anakuletea dereva wa lori la kabichi, mtu wa kwetu. Mpe chai, na usimuulize habari za Garissa, maana ataongeza chumvi na mimi nataka uipate kama ilivyokuwa.

Kazi yangu unaijua, soja wa kulinda mnara wa simu nje kidogo ya mji. Kuna seng'enge, kuna kibanda cha jenereta, kuna mimi na Kilonzo. Nilipokuaga nilikwambia ni kazi ya kukaa kivulini. Sikukwambia kwamba huku minara ina maadui. Kuna watu hawaipendi, na wakija kuiangusha hawamwulizi soja habari za nyumbani kwao. Na soja mwenyewe akiwa mtu wa bara, jina la kanisani, rozari shingoni, basi hata kuulizwa jina ni swali baya. Kwa hiyo kila pikipiki inayopunguza mwendo karibu na seng'enge yetu, tumbo langu huiona kabla ya macho. Hiyo ndiyo hofu ya kila siku, ile ya kunywea chai. Sasa nakueleza ile nyingine.

Kilichonipa raha hapa ni hadithi. Usicheke. Kuna mwalimu mmoja, mkimbizi, yuko kambini Hagadera, hutunga hadithi na kuisoma kwa sauti yake mwenyewe, kipande kwa kipande, inaingia kwenye simu za watu. Jina lake silitaji hata hapa, na utaona sababu. Hadithi yenyewe ni ya jini. Si jini wa baharini wala wa kwenye chupa. Huyu alikuwa akiishi porini, ukame ukamfukuza kama ulivyowafukuza wafugaji, akaingia mjini kutafuta pahali pa juu pa kukaa, akaona mnara wa simu. Akapanda. Tangu siku hiyo sauti za mji mzima zikawa zinapita kifuani mwake. Sasa kuna mwanamke fundi wa simu anaitwa Sagal. Siku moja anafungua simu ya mteja na badala ya uchafu wa kawaida anakuta majivu yenye joto. Basi ameshajua kuna jini. Anataka kumfunga yule jini ndani ya laini ya simu.

Kila Alhamisi alasiri kipande kipya kilipoingia, tulikaa kwenye kivuli cha jenereta kukisikiliza, maana chini ya mnara ndipo sauti huja bila kukatika. Sheria ya kazi inasema ndani ya seng'enge asiingie mtu. Lakini haikutaja maziwa, nami nikaisoma hivyo. Hodhan, mama anayeuza maziwa ya ngamia, alikuwa akipita na mitungi yake akirudi nyumbani, ananipimia kikombe, anakaa. Huniita Adeer, ndiyo kusema ami kwa Kisomali. Wa pili ni Dakane, dalali wa mbuzi, mrefu kama mnara wenyewe na anakohoa kama jenereta. Kilonzo alikuwa hakai nasi. Ameletwa juzi juzi, na mtu mgeni huku hukaa akitazama barabara.

Ungetusikia tukibishana ungedhani tunagawa urithi. Dakane ni mtu wa dini, hakutaka jini awe na laini ya simu kabisa.

"Jini haitaki laini," anasema. "Jini iko bila waya tangu Nabii Suleiman. Hii simu ndio imeiga yeye."

"Basi kwa nini kwa hadithi anaomba bando?" Hodhan anamjibu.

"Hiyo mwalimu amekosea."

"Mwalimu hakosei. Wewe ndio umezoea mbuzi. Mbuzi haibishani."

Siku Sagal alipomfunga jini ndani ya laini, tulipatwa na shida kubwa zaidi. Laini lazima isajiliwe. Jini atasajiliwa kwa kitambulisho gani? Hapo hata mimi niliyekuja kuchokoza tu nilivutwa ndani. Wakesho, wewe kitambulisho ulipewa na chifu akakuuliza habari za mahindi. Huku mtu hupelekwa mbele ya wazee wamtambue, baba yako nani, babu yako alinywesha kisima gani. Hodhan alikaa miaka akizungushwa.

"Jini apelekwe kwa wazee," akasema. "Wamuulize babu yake."

"Babu yake ni moto," Dakane akasema.

"Moto ya ukoo gani?"

Tulicheka mpaka Kilonzo akaja kutazama kuna nini. Mimi kazi yangu ilikuwa kutia kuni. Niliwauliza, mtu akiishiwa na salio, yule mama anayemwambia hana salio, naye ni jini? Maana hajawahi kulala, na hajawahi kumkosea mtu hesabu. Walibishana mpaka adhana.

Tabia yangu nyingine unaijua, ulimi wangu hauna adabu. Wenyeji wa huku wakisema Kiswahili, pe kwao hutoka be, na ve hutoka fe. Vumbi wanaita fumbi. Dakane ana ule ugonjwa wa kubanwa na pumzi, hutembea na inhela, kile kichupa cha kuvutia dawa, na akikitafuta mfukoni husema, "Ngoja nafuta dawa," nami namwuliza anaifuta kwa kitambaa kipi. Kila walichosema nilikirudia vilevile kama kasuku. Walinitukana, nikafurahi. Ndiyo yaliyokuwa mapenzi yetu.

Kisha jini akaanza kuumwa. Mwalimu alimtungia pumu. Vumbi la mji na moshi wa jenereta vikamwingia kifuani, akawa anakohoa, na kila akikohoa simu za watu zinakatika. Sote tulilitazama lile jenereta letu kama limefanya kosa. Dakane alikasirika kama ametukanwa yeye.

"Jini ni moto isiyo na moshi. Itashikwaje na bumu?"

"Amekaa Garissa," Hodhan akasema. "Fumbi hii imeshika wewe, itaacha yeye?"

"Mimi niko na mapafu." Alisema mabafu.

"Na yeye anabeba sauti. Sauti bila bumzi inatoka wapi?"

"Bumu ya jini," nikasema mimi, kwa sauti yake Hodhan, mkono kiunoni. "Tumbelekee kichuba cha Dakane." Akanirushia kandambili.

Nimekupa habari ya neno hilo kwa urefu kwa sababu ndilo lililonivua viatu.

Siku yenyewe, Jumatatu, upepo ulikuwa umechafuka. Vumbi jekundu lilisimama hata barabara hatuioni, pikipiki unaisikia tu. Hodhan hakuja. Simu yake ilikuwa imetumbukia kwenye mtungi wa maziwa, hilo sikulijua. Mimi nimekaa mlangoni mwa kibanda, Kilonzo yuko karibu na lango amejifunga kitambaa usoni. Simu yangu ikalia. Namba siijui. Ni ujumbe wa sauti. Nikaubonyeza.

Sauti ya mwanamke, nyuma yake upepo unavuma, inasema taratibu: "Adeer, Ijumaa usikuje kazi. Bumu itaangusha mnara."

Basi. Mwisho.

Nataka nikueleze nilichosikia, maana watu wameniuliza na nimejibu vibaya. Sikusikia pumu. Sikusikia hata bumu. Nilisikia bomu, wazi kabisa, kama mtu anayelitaja darasani. Kilonzo akanisogelea hatua chache tu kutoka langoni, akashusha kitambaa, akasema, "Hebu rudia." Nikarudia. Na yeye akasikia bomu. Nilipomtazama alikuwa ameshaanza kutetemeka kidevu, nami nadhani kukiona kile kidevu ndiko kulikonitoa. Sikumbuki lango. Nakumbuka mawe ya moto chini ya nyayo na rozari ikinipiga mdomoni.

Barabarani Kilonzo aliwapigia wakubwa wetu. Wakubwa wakapigia polisi. Nami nimesimama pale peku, simu mkononi, nikaona kumbe kuna ujumbe wa pili kutoka namba ileile, lakini haufunguki. Kile kiduara kinazunguka, kinazunguka. Nilikuwa nimekimbia mbali na mnara, na bando lenyewe lilikuwa limekwisha. Polisi walipofika waliichukua simu kikizunguka hivyohivyo, ikawa ushahidi. Wakapekua mnara wote. Walikuta mkeka, vikombe, na viatu vyangu. Bomu hawakuona, na hilo halikumtuliza mtu, kwa sababu Ijumaa ilikuwa bado.

Kesho yake asubuhi Dakane alikuja chumbani kwangu Waberi. Hakubisha hodi. Alikaa juu ya ndoo, anahema.

"Wamechukua Hodhan," akasema. "Hapo sokoni, mbele ya watu. Wanasema ametumia soja sauti ya bomu."

"Hodhan?"

"Hodhan atoe bomu wapi, mzee? Yeye shida yake ni jini tu. Juzi ameniambia Ijumaa atakufa na bumu yake na mnara ataanguka. Mimi nikasema hafi."

Alisema bumu, nami nikaisikia ile sauti ya simu upya, yote, mpaka ule mchezo uliokuwa ndani yake. Ni yeye. Alikuwa ananichekesha. Alitumia simu ya dada yake.

Ungependa nikwambie nilisimama palepale nikaenda kituoni. Nilikaa. Nilikaa nikitazama mlango. Huku mtu akichukuliwa, wenyewe hawaulizi atarudi lini, wanauliza alichukuliwa na gari la aina gani, na kutokana na jibu wanajua walie au wangoje. Nilimwuliza Dakane gari gani. Akasema la kawaida, lenye rangi ya polisi. Basi wa kungoja. Lakini kungoja nako kuna mwisho wake. Nikafikiri, nikienda kusema ni hadithi, nitaulizwa nani aliruhusu watu ndani ya seng'enge. Kazi imekwenda. Nitaulizwa kwa nini wananijua. Labda na mimi nitabaki. Na wewe huko juu utaambiwa kaka yako amekamatwa pamoja na magaidi wenzake, na padri ataanza kukukwepa.

"Twende wote," nikamwambia Dakane.

"Mimi nikienda watakuwa na wawili," akasema. Hakusema kwa woga, alisema kama bei ya mbuzi. Kisha akaingiza mkono mfukoni akanipa inhela yake. "Waonyeshe hii. Waambie ndio hii ugonjwa."

Nikaenda nayo. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi: pumu, pumu, pumu. Mwanamke mmoja alinipisha njia.

Getini askari akanipapasa. Akakuta kichupa. Akakitoa polepole, cha chuma ndani ya plastiki, akakishika mbali na mwili.

"Mzee, hii ni nini?"

Nilifungua mdomo. Miezi yote ile ya kuwaigiza wenzangu ilikuwa imekaa pale kwenye ulimi inangoja, na hofu ikauchagulia ulimi njia iliyouzoea. Nikasema, "Ni ya bumu, afande."

Nilijikuta nimelala kifudifudi. Chini ni moto huku, hata asubuhi.

Ndivyo nilivyoingia kumwona Hodhan, nikiwa nimeshikwa kwapa mbili. Alikuwa ameketi sakafuni, buibui lina vumbi bega moja, macho makavu. Aliponiona hakusalimu. Nikawekwa pembeni yake. Inspekta mwenyewe alikuwa mtu wa magharibi, kule kwenye miwa, jitu la mabega, nadhani yeye pia hakulala. Pembeni alisimama koplo mwanamke, kimya, anatazama viatu vyake.

"Huyu mama unamfahamu?" Inspekta akaniuliza.

"Ananiuzia maziwa."

"Na pomu alitaka kukuuzia lini?"

Wakesho, nilikuwa naogopa, lakini neno hilo lilinigusa mbavu. Mtu wa magharibi naye ana yake. Be kwake hutoka pe. Nikaeleza kila kitu: mwalimu, jini, laini, ugonjwa. Nilieleza vibaya, nikaanzia katikati, nikamtaja Sagal kama jirani yetu, Inspekta akaandika Sagal akauliza anakaa mtaa gani.

Kisha akamgeukia Hodhan. "Sema pomu."

"Bomu," Hodhan akasema.

"Sasa sema ya ugonjwa."

"Bumu."

"Umesikia, mzee? Ni kitu kimoja."

Hapo shetani wangu wa zamani akanisukuma. Nilimsikia akija na sikuweza kumzuia. "Afande," nikasema, "nisamehe. Na wewe tuambie ya ugonjwa."

"Pumu."

"Na ya kulipuka?"

"Pomu," akasema, kisha akaweka kalamu chini.

Nilitazama mikono yake mezani, mikubwa, nikajua ndiyo itakayonimaliza. Kilichonitisha zaidi ni kwamba Hodhan aliinamisha kichwa na mabega yakaanza kumcheza, na sikujua kama analia au anacheka, wala yeye hakujua.

Ndipo koplo akasema, bila kuinua macho, "Afande, ni hadithi. Mimi huisikiliza."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Na tangu jana umenyamaza?"

"Niliogopa utasema koplo mzima anafuata mambo ya majini."

Alitoa simu yake akaigawia mtandao ile yangu iliyokuwa mezani. Kile kiduara kikazunguka mara ya mwisho kikafunguka, sauti ya Hodhan ikajaa chumbani, ikicheka, na Hodhan mwenyewe yuko chini hacheki: "Adeer, umeogoba? Nasema jini yetu. Bumu yake iko mbaya, hafiki Ijumaa. Akianguka yeye, mnara anaanguka, na wewe ukikaa chini utabondeka. Sasa nani atakunywa maziwa yangu?"

Inspekta alitaka kusikia na kipande cha mwalimu chenyewe, cha ule ugonjwa. Koplo akakiweka. Tulisikiliza wote, sisi sakafuni, wao vitini. Kilipokwisha Inspekta alikuna kidevu.

"Lakini hapo sikupali," akasema. "Mnara ni chuma. Jini akifa, chuma kinaangukaje?"

Nikaomba Mungu mtu asijibu. Lakini Hodhan, pale sakafuni, na sauti imekwaruza, akasema, "Chuma ni nguo yake tu. Mtu akifa nguo inasimama?"

"Sauti hupepwa na umeme, mama. Si na jini."

"Na umeme ukikatika, jenereta ikizima, ile simu bado inalia kidogo. Hiyo nani anabeba?"

"Petri," akasema Inspekta, maana yake betri, lakini nilimwona amesita.

Akamwachilia mchana ule. Mimi pia, na onyo juu ya mikeka. Lakini kwanza alifunga daftari, akauliza kama jambo dogo: "Huyo mwalimu ni nani hasa?"

Mkimbizi, Wakesho. Hana ruhusa ya kutoka kambini, na gari likimfuata hakuna dalali wa kukaa juu ya ndoo ya mtu kusema limechukua nani. Mimi jina nalijua. Hodhan analijua. Koplo nadhani analijua kutuzidi. Sote watatu hatukulitoa. Mwisho koplo akasema, "Sauti tu, afande. Haina jina." Inspekta akatutazama mmoja mmoja. Akasema twende.

Nje jua lilikuwa kichwani. Nilitembea nyuma ya Hodhan kidogo, peku bado, viatu vikiwa ushahidi. Nilitaka kusema kitu cha kuchekesha. Alisimama bila kugeuka.

"Adeer, wewe kila siku unachukua sauti yangu unacheza nayo. Unaijua kunishinda."

"Naijua."

"Sasa jana ilikuja kwako. Hukuijua?"

Nikamwambia kulikuwa na upepo. Akasema haya, upepo. Akaenda.

Ijumaa ikapita na mnara umesimama. Mwalimu alipata habari, zinavyofika huko sijui, akafuta hadithi yote kwenye simu zetu. Sagal, jini, laini, kila kitu, kama havikuwahi kuwepo. Hatujui kama yule jini alipona. Simu nilirudishiwa, na ya dada yake Hodhan bado imekaa kituoni. Kilonzo ameomba uhamisho. Hodhan bado hupita na maziwa lakini haingii. Ananipimia juu ya seng'enge na bei anaionyesha kwa vidole, yeye aliyekuwa hanyamazi hata akimeza. Nilijaribu kumwuliza, unadhani Sagal angempa jini dawa au angemwacha? Akasema, "Jini gani?" akabeba mitungi yake.

Dakane ndiye husimama kidogo. Hutazama barabara pande zote, kisha ananong'ona kwamba yeye bado anasema jini haiwezi kushikwa na hiyo ugonjwa. Hiyo ugonjwa. Hata yeye mwenye nao kifuani hautaji tena kwa jina. Anakivuta kichupa chake akinipa mgongo, haraka, kama mwizi.

Nisalimie shemeji, na umwambie ng'ombe wake asimuuze mpaka nije nimtazame meno. Nisalimie jirani yako wa juu mwenye mdomo, yeye mpe nusu salamu. Padri mwambie naomba sala, lakini usimweleze za nini. Nisalimie binti yako Mghoi na yule mtoto wake anayebanwa na kifua baridi ikizidi. Nimesikia alilazwa tena, na hilo limenikaa vibaya.

Na hapo ndipo nina jambo. Unakumbuka chungu cha Mama ulichokivunja, nikasema ni mbuzi? Mama amekwenda kaburini akimlaumu yule mbuzi, nawe uliniapia siku moja utanilipa. Nilipe sasa, ni kitu kidogo. Najua utataka kunipigia au kunitumia sauti kunieleza hali ya mtoto, nami nitataka kujua. Basi ule ugonjwa wake usiutaje. Sema kifua. Sema tu kifua kimekuwaje leo, nami nitaelewa.

Kaka yako,
Mwakio